Nani kamvuta nani? Uzi wa waandishi wa simulizi wanaopitia rasimu zao

#1 Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaoandika simulizi, ziwe za kitabu au zile za kutupia kwa sehemu humu na kwenye magrupu ya WhatsApp. Nahariri miswada ya watu, na tatizo ninalolikuta kuliko yote si tahajia wala alama za uandishi. Ni msomaji kushindwa kujua nani anafanya nini. Someni hii, nimeitunga kwa kufuata mtindo ninaokutana nao:

*Juma alimkuta Hamisi mlangoni. Alimwambia atoke, lakini alikataa. Alimshika mkono akamvuta, akaanguka, akapiga kelele kwamba amemuumiza.*

Nani kaanguka hapo, aliyevuta au aliyevutwa? Na kelele ni za nani? Mwandishi hana shida, maana tukio analiona kichwani. Msomaji amepewa a- na m- tu, na zote zinawafaa wote wawili.

Miongozo mingi ya uandishi inayozunguka mtandaoni imeandikwa na Waingereza na Wamarekani. Humo utaambiwa uwe makini wanaume wawili au wanawake wawili wanapokutana kwenye tukio moja, kwa sababu kwao kiwakilishi cha mwanamume ni kingine na cha mwanamke ni kingine. Kwetu ushauri huo haufiki mbali. Juma na Asha wakigombana, utata ni uleule wa Juma na Hamisi. Ngeli ya A-WA inabeba mwanamume, mwanamke, mtoto mchanga, mbwa, samaki na malaika kwa kiambishi kimoja.

Dawa ambayo kila mtu huikimbilia ni kurudia jina. Inafanya kazi, ila mimi naiweka mwisho. Kabla yake, chukulia kwamba kila aya ina kiti kimoja cha mtenda. Mtu akishakikalia, kila a- inayofuata ni yake mpaka utaje mwingine. Utata unaanza pale unapomwinua Juma na kumkalisha Hamisi kimyakimya, halafu unamrudisha Juma, yote ndani ya sentensi moja. Sasa mwache Hamisi akae:

*Hamisi alikutwa mlangoni na Juma. Aliambiwa atoke, akakataa. Akashikwa mkono, akavutwa, akaanguka, akapiga kelele kwamba ameumizwa.*

Juma katajwa mara moja tu, na hakuna anayeuliza nani kaanguka. Kazi yote imefanywa na herufi w. Ndiyo maana sikubaliani na wanaobeba kutoka kwenye miongozo hiyohiyo amri ya kuepuka kauli ya kutendwa. Kwao kutendwa kunaongeza maneno na kuipoozesha sentensi. Kwetu ni kiambishi kifupi tu ndani ya kitenzi, na *akavutwa* haina upoozaji wowote.

Ukitaka Juma ndiye akae kitini, pita kwenye kutendesha:

*Juma alimkuta Hamisi mlangoni, akamwambia atoke. Hamisi akakataa. Juma akamshika mkono, akamvuta mpaka akamwangusha, na kelele za "Umeniumiza!" zikajaa uani.*

*Akaanguka* imekuwa *akamwangusha*, Juma hajainuka. Kelele nimezifanya zenyewe ndizo mtenda: *zikajaa*. Kiambishi cha zi- hakiwezi kumchanganya mtu yeyote.

La pili, na hili linapita hata kwa waandishi wazoefu. Mnaoandika za kipelelezi:

*Inspekta aliitazama picha ya mtu aliyemuua Rashidi.*

Pichani kuna muuaji au marehemu? Sarufi inaruhusu vyote: mtu aliyemtoa Rashidi roho, au mtu ambaye Rashidi alimtoa roho. Urejeshi wa -ye- ukikutana na -m- na jina likaja nyuma ya kitenzi, jina hilo linaweza kuwa mtenda au mtendwa. Ukimaanisha muuaji, andika *muuaji wa Rashidi*. Ukimaanisha marehemu, andika *mtu aliyeuawa na Rashidi* au *mtu ambaye Rashidi alimuua*. Jambo hilohilo linatokea kwenye mapenzi: *alikwenda kumzika mwanamke aliyempenda*. Kuna simulizi mbili tofauti kabisa ndani ya sentensi hiyo, na mwandishi anatakiwa aamue anaandika ipi.

Karibuni. Mwenye aya inayomsumbua aiweke tuitazame.

#2 Mzee wa Kijiweni

Mkuu naheshimu kazi yako ila hapa unakuza mambo. Msomaji si mtoto. Juma kamvuta Hamisi, aliyevutwa ndiye anaanguka, akili ya kawaida hiyo. Bibi zetu walisimulia usiku kucha bila kutendwa wala kutendesha na hakuna aliyepotea. Muktadha unatosha.

#3 Kalamu Butu (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Muktadha unasaidia, sikatai. Lakini aliyevuta naye anaanguka. Vuta mtu mzito akuponyoke uone.

Kuhusu bibi, msikilize vizuri anavyosimulia. Fisi ana sauti yake nzito ya puani, Sungura ana ya kwake nyembamba. Mkono unaonyesha huyu yuko huku, yule kule. Mjukuu asiyeelewa anauliza "Nani, bibi?" na anajibiwa papo hapo. Na juu ya yote hayo, bibi anataja majina kuliko sisi: *Sungura akamwambia Fisi, Fisi akasema, Sungura akacheka.* Sisi tumeondoa sauti, tumeondoa mkono, tumemwondoa mjukuu wa kuuliza, halafu tunapunguza na majina tukidhani ndiyo uandishi wa kisasa.

Kuna kipimo hakina gharama. Mpe mtu ukurasa mmoja wa katikati ya simulizi yako, asiyejua kisa. Akimaliza usimuulize kama ameupenda, mwambie akusimulie nani kafanya nini.

#4 Mama Naima

Asante kwa uzi. Mimi shida yangu ni wanawake watupu jikoni. Nilirudia majina kama wote wanavyoshauri, nikaona "Mwajuma" liko kila mstari mpaka linachosha. Nikayaondoa, sasa mdogo wangu anasema haelewi. Aya yenyewe hii, Bi Saada ni mama mkwe:

*Bi Saada aliingia jikoni akamkuta Mwajuma akilia. Alimuuliza kama amempigia mumewe. Alisema amempigia lakini hapokei. Alichukua simu yake, akaifunga kwenye kanga yake, akamwambia aache kulia kwa sababu hata yeye alipoolewa alilia hivyohivyo.*

#5 Kalamu Butu (mleta uzi)

Mama Naima, aya yako ina kisa kizuri, nami nimeipenda hiyo ya simu kufungwa kwenye kanga. Tuanze na *mumewe*. Mume wa nani? Bi Saada naye ana mume, na simu ingeweza kupigwa kwa baba mkwe. Kisha *simu yake* na *kanga yake*: hiyo -ake ni ya wote wawili. Na *hata yeye* mwishoni, msomaji anaitafutia mwenyewe.

Lakini chanzo ni kimoja. Umeandika mazungumzo kwa kauli ya taarifa. Watu wawili wakizungumza kuna *mimi* na *wewe*, kuna *ni-* na *u-*, hakuna utata. Ukigeuza kuwa taarifa, *mimi* wa Bi Saada na *wewe* wa Mwajuma wote wanageuka *a-*. Warudishie midomo yao:

*Bi Saada aliingia jikoni akamkuta mkamwana wake analia.*

*"Umempigia mumeo?"*

*"Nimempigia, mama. Hapokei."*

*Bi Saada akamnyang'anya simu, akaifunga kwenye pindo la kanga yake mwenyewe.*

*"Basi nyamaza, mwanangu. Hata mimi nilipoolewa nililia hivihivi."*

Jina la Mwajuma halimo hata mara moja, na hapotei. *Mama* na *mwanangu* zimetutajia nani anasema na nani, bila "alisema Bi Saada, akajibu Mwajuma". Watu wetu hawaongei kwa muda mrefu bila kuitana mama, shemeji, wifi, mjomba, bosi. Tumia.

*Akachukua simu yake* nimeibadilisha kuwa *akamnyang'anya simu*. Kitenzi chenyewe kinasema simu ilikuwa ya nani. Vitenzi vya namna hiyo viko tele: kumkabidhi, kumrudishia, kumpora, kumchomolea. Ukipata kitenzi sahihi, -ake inaanguka yenyewe. Na pale -ake inapobaki, *mwenyewe* inamaliza kazi.

#6 Mwana wa Makupa

Salamu kutoka Mombasa. Mbona hamtaji *yule* na *naye*? Huku kwetu mtu akisimulia ndizo anazotembea nazo.

*Juma akamtazama Hamisi kwa hasira. Yule akainamisha kichwa.*

Hapa hakuna atakayedhani ni Juma aliyeinamisha. *Yule* imeruka kwa wa pili. *Naye* kadhalika: *Juma akamtukana, naye akamjibu.* Ukisema tu *Juma akamtukana, akamjibu* utaeleweka, ila msomaji atasita kidogo, kwa sababu mlolongo wa -ka- humzoesha kwamba mtu ni yuleyule: akaamka, akanawa, akatoka.

Na kuna *mwenzake*. *Mwenzake akacheka.* Wakiwa wawili tu, neno hili halikosei.

#7 Kalamu Butu (mleta uzi)

Umenena, ndugu yangu. Hiyo ya -ka- ingestahili kuwa bandiko la kwanza. Ningeongeza tu kwamba *naye* ikizidi inapiga kelele. Na wakiwa watatu kwenye tukio, *yule* na *mwenzake* zote zinakwama. Hapo taja jina bila aibu.

#8 Kijana wa Simulizi

Mimi huwa sirudii jina wala situmii yeye. Naweka "mrembo huyo", "binti huyo", "mlimbwende huyo", "mwanafunzi huyo wa chuo". Inapendeza na msomaji anajua ni yuleyule.

#9 Kalamu Butu (mleta uzi)

Mdogo wangu, nitakuwa mkali kidogo hapa. Hiyo ni lugha ya kurasa za michezo na za burudani. Kule mwandishi anasema "nyota huyo", kisha "mshambuliaji huyo", kisha "baba huyo wa watoto wawili", kwa sababu kila jina la badala linaleta taarifa mpya kuhusu mtu anayejulikana. Kwenye simulizi msomaji bado anawahesabu watu wako. Ukimletea Zuhura, mrembo, binti na mwanafunzi ndani ya aya moja, atahesabu wanne, halafu atarudi nyuma kuwapunguza. Ukimletea na mwanamke mwingine mahali hapohapo, ameshapotea.

Jambo la pili ni macho ya nani yanatazama. Kama tukio tunaliona kwa macho ya kaka yake Zuhura, kaka mtu hamwiti dada yake "mlimbwende huyo". Anamwona kama dada yake. Kwa hiyo jina la badala liwe moja kwa kila mtu, na liwe lile ambalo anayetazama angelitumia. Mbele ya konda, Zuhura ni *abiria* au *yule dada wa siti ya nyuma*. Mbele ya mama yake ni *mwanawe*.

#10 Mzee wa Kijiweni

Marahaba. Hilo la mlimbwende nakubali, limenichosha siku nyingi.

Sasa nijibu hili. Mimi utata huo nautumia makusudi. Nina muuaji ambaye sitaki msomaji ajue ni mwanamume au mwanamke mpaka mwisho. Kiswahili kinanibeba: *aliingia, akafunga mlango, akavua glavu*. Mwandishi wa Kiingereza lazima ajikunje kunja kukwepa. Kwa hiyo huo unaouita ugonjwa kwangu ni mtaji.

#11 Kalamu Butu (mleta uzi)

Mzee, ni mtaji kweli, na sijaelewa kwa nini waandishi wetu wa kipelelezi wanautumia kidogo hivyo. Lakini kuficha na kuchanganya ni vitu viwili. Msomaji aliyefichwa anajua kwamba hajaambiwa, na ndiyo utamu wenyewe. Aliyechanganywa anadhani kasoma vibaya. Kwa hiyo anayefichwa awe mmoja, na wote wanaomzunguka watajwe waziwazi kuliko kawaida. Muuaji asiye na jina akikutana na mlinzi asiye na jina, *akamchoma kisu* haisomeki.

Nakuongezea na mbinu ya ngeli. Mwite muuaji kwa kitu kisicho A-WA: *kivuli*, *sura*, *umbo*. *Kivuli kilisogea dirishani. Kikasimama. Mlinzi akapiga mwayo, akageuka.* Muuaji ana ki- yake, mlinzi ana a- yake, hawagongani hata uwaweke sentensi moja. Usizidishe kurasa mbili tu, maana kivuli kikianza kula chakula na kupiga simu, inachekesha.

#12 Fundi Cherehani

Mimi naandika kidogo tu, za mtaani. Je, kwa vitu nako kuna shida? Vitu si vina ngeli zake?

#13 Kalamu Butu (mleta uzi)

Vina ngeli, na hiyo ndiyo bahati yetu, ila tunaichezea kwa kujaza I-ZI tupu. Tazama:

*Alitoa bastola kwenye droo ya meza, akaiweka karibu na karatasi, akaisukuma.*

Bastola, droo, meza, karatasi, zote i-. Kilichosukumwa ni kipi? Maneno mengi ya kukopa yamejikusanya huko: simu, kompyuta, picha, barua, bahasha, pesa, risiti. Simulizi za mjini zinazitaja sana, kwa hiyo lazima zigongane. Lakini vitu vya kwenye tukio unavichagua mwenyewe, na hakuna sheria kwamba lazima iwe karatasi:

*Alitoa bastola kabatini, akaifunika kwa gazeti, akalisukuma pembeni kidogo mdomo wa chuma uonekane.*

i- ni bastola, li- ni gazeti. Kila kitu kina kamba yake. Nikihariri, kubadilisha bahasha kuwa kifurushi, au nguo kuwa gauni, kumeshaokoa aya ambazo mwandishi alitaka kuzifuta. Wanaoandika lugha zisizo na ngeli hawana njia hii kabisa.

Wanyama nao uwaangalie, wako A-WA pamoja nasi. *Mbwa akamrukia mwizi, akapiga kelele, akakimbia.* Mbwa hupiga kelele na hukimbia. Andika *akabweka* kama ni mbwa, au *mwizi akapiga ukunga* kama ni mwizi.

#14 Mama Naima

Nimeirudia sura nzima kwa staili ya mazungumzo, imepungua urefu na imechangamka. Swali: mnapitiaje mswada mzima wa kurasa nyingi? Nilijaribu kutafuta kwa kompyuta nikaandika "yeye", zikaja chache tu.

#15 Kalamu Butu (mleta uzi)

Kompyuta haitakusaidia sana, kwa sababu *yeye* tunaitumia mara chache, hasa kwa kukazia. Utata wenyewe umejificha ndani ya vitenzi, na huwezi kutafuta herufi a ukapata chochote cha maana. Mwenzetu wa Kiingereza anaweza kutafuta viwakilishi vyake kimoja kimoja maana vimesimama peke yao. Sisi ni kwa mkono.

Mimi nachapa sura kwenye karatasi. Kwa kalamu nyekundu napigia mstari kila a- na kila -m- ya watu, pamoja na kila -ake, halafu naandika herufi ya kwanza ya jina juu yake: J, H, S. Sihitaji kufikiria. Mkono ukisita hata kidogo kuandika herufi, hapo ndipo penye kazi. Na ukiona J H J H J H ndani ya sentensi moja hata kama unaelewa, igawe.

Si lazima sura zote. Utata unapenda kukaa kwenye ugomvi, kwenye mapenzi ya kitandani, na kwenye kumbukumbu za zamani ambapo mtu anamkumbuka marehemu wa jinsia yoyote na wote ni *ali-*. Anza na hizo. Sura ya mtu mmoja anayesafiri peke yake kwenye basi iache ilivyo.

#16 Kijana wa Simulizi

Nimekuelewa bro, mlimbwende nimemfuta. Mimi natupia kwa sehemu, sasa hivi niko SEHEMU YA 14. Sehemu ya 13 niliishia *"Akafungua mlango, hakuamini alichokiona..." ITAENDELEA*. Ya 14 inaanza *Alirudi nyuma hatua mbili*. Kuna wasomaji wameniuliza ni nani, wakati sehemu zilizopita iko wazi.

#17 Kalamu Butu (mleta uzi)

Iko wazi kwako uliyeiandika leo. Msomaji wako kati ya 13 na 14 amesoma simulizi za watu wengine, na mwingine ameingia kupitia 14 moja kwa moja kwa sababu katumiwa na rafiki. Kiti cha mtenda kinabaki kitupu kila unapoandika ITAENDELEA. Kila sehemu itaje jina kwenye sentensi ya kwanza, na ikiwezekana mahali: *Zuhura alirudi nyuma hatua mbili, mkono bado uko kwenye kitasa.* Watakaokusanya sehemu zote kuwa kitabu baadaye watayaona majina hayo kuwa mengi, lakini kuyapunguza wakati huo ni kazi ya jioni moja.

#18 Mwana wa Makupa

Nikiruhusiwa moja la mwisho. Simulizi yangu ni barua, mtu anawaandikia wanawe. Ameandika *niliwaona mkilia, nikawaambia wasiwaguse*. Mhariri mmoja kaniwekea alama ya kuuliza.

#19 Kalamu Butu (mleta uzi)

Ana haki. *-wa-* ni ya *ninyi* na ni ya *wao*. *Niliwaona mkilia* iko sawa, *mkilia* imeshasema ni ninyi. Hizo mbili zinazofuata ndizo zinazogombana: kaambiwa nani, na asiguswe nani? Kwa *ninyi* unaweza kuongeza -eni, *nikawaambieni*, lakini hapa walioambiwa ni wengine, kwa hiyo wataje: *Niliwaona mkilia, nikawaambia askari wasiwaguse wanangu.* Kwa kuwa ni barua ya mzazi kwa wanawe, *wanangu* inafanya kazi mbili kwa mkupuo.

Na kwenye barua hiyohiyo chunguza *u-*. *Uliniuma sana siku ile* ni mguu au ni mtoto? Weka *mguu*.